Mahindi ya Kuoshea Mashine

Mume wangu anasaga nafaka mtaa wa Kongo, huku Kawangware, Nairobi, na alikuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla hajanioa. Chumba chetu ni cha mabati, mlango wake unatazama njia ya watu wanaopanda kwenda stegi ya matatu iitwayo 56. Ndani kuna mashine moja tu, na kila kitu kilicho mle kina vumbi la unga, kuanzia waya za stima mpaka kope za mume wangu. Watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani baba yao alizaliwa na mvi. Siku hizi mvi ni za kweli na hakuna anayecheka tena.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kisiagi hajui jambo moja. Mashine haikurudishii unga wako wote, na haikupi unga wako peke yake. Ukisaga mtama, kiasi fulani hubaki mle ndani, kwenye kona za chekeche na nyuma ya zile nyundo za chuma, na anayefuata na mahindi yake meupe huenda nyumbani na unga wa kijivu. Kwa hiyo ni lazima mashine ioshwe, na haioshwi kwa maji. Inaoshwa kwa nafaka kavu. Unatupia mahindi kidogo, inayatafuna, yanatoka na mabaki ya aliyetangulia. Swali ni mahindi ya nani. Wasagaji wengi wa mtaa huu huosha kwa mahindi ya mteja mwenyewe: wanamwaga kidogo cha kwanza, unga mchafu unaangukia pembeni, mteja anatazama simu yake, mambo yamekwisha.

Mume wangu hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa na mkebe wake wa mahindi aliyonunua mwenyewe pale sokoni 56. Kila alipokuja mteja mwenye nafaka tofauti na ya aliyetangulia, alichota konzi moja ya mahindi yake na kuosha mashine kwa gharama yake. Unga uliotoka tulimpa jirani mwenye kuku. Watu walimheshimu kwa hilo. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa sababu mimi ndiye niliyepika, na nilijua mahindi ya mkebe kwa wiki nzima ni sufuria kadhaa za ugali. Alinijibu maneno yaleyale kila mara.

"Huwezi osha mashine na chakula ya mtu. Hiyo ni wizi."

Dada yangu mkubwa anaishi Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, ambako majirani zake huamka na kulala na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa miaka mingi alifulia watu nguo kwenye zile nyumba zenye ua na mbwa. Mikono ikaanza kumpasuka, sabuni ikawa inamwingia kwenye nyufa, akawa hawezi hata kukunja kiganja vizuri. Akaacha. Akakusanya wanawake wachache wa kanisani kwake, wakakodi chumba, wakaanza kupakia unga wa uji wa mtama na wimbi. Nafaka ilitoka kwetu Kitui, kwa mama yetu na wakulima wenzake. Sisi tulisaga. Dada na wenzake walipakia, na mwenye duka mmoja wa Lavington, kwa matajiri, akawauzia watu wa kule, wale wanaosoma pakiti kwanza ndipo wanunue.

Duka lilitaka unga wa kilimo hai. Dada aliponieleza maana yake nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu hakuna aliyetia mbolea ya dukani kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuinunua. Mama alihifadhi mtama wake kwa majivu na majani ya mwarobaini kwa sababu dawa ilikuwa ghali. Kumbe ufukara wetu ulikuwa na jina zuri hivyo, na watu walikuwa tayari kuulipia. Wakulima wa kwetu wakakaguana wao kwa wao, wakapewa cheti cha kikundi, na pakiti ikapata alama ndogo ya kijani kwenye kona. Dada alikuwa na tabia ya kuipapasa ile alama kwa kidole gumba kila alipofunga pakiti. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimwona.

Kisha watoa cheti wakakaza masharti. Cheti cha shamba hakikutosha tena. Sasa nafaka ilifuatwa njia nzima, tangu shambani mpaka rafu ya duka: gunia limebeba nini kabla ya mtama, lori limebeba nini pamoja nao, stoo inawekwa sumu gani ya panya, mashine ilisaga nini jana, chumba cha kupakia kimepakwa rangi gani. Kila mkono ulioishika nafaka ulitakiwa ukaguliwe, na mmoja ukianguka, wote wameanguka. Mwenye duka alimwambia dada bila kuzunguka kwamba bila ile alama hatachukua hata pakiti moja. Na bila duka, dada angerudi kwenye beseni la nguo za watu. Hilo tulilijua wote. Tulikuwa tukilinda mikono yake.

Mkaguzi wao alikuja Kongo asubuhi moja ya mvua, amevaa gambuti. Alikuwa msichana wa rika la binti yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa, kwa maana alisalimia vizuri na akanywa chai yetu bila kuchungulia ndani ya kikombe kwanza. Alipanda juu ya stuli akamulika mdomo wa mashine kwa tochi ya simu. Akauliza habari ya grisi, habari ya panya, habari ya mkaa ambao jirani anauegemeza kwenye ukuta wetu. Mume wangu alikuwa amenyoa ndevu. Alijibu yote akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Mzee, kabla ya kusaga hii ya cheti, mashine mnasafisha?"

"Madam, hii mashine mimi nasafisha mpaka unaweza lamba."

"Na siku hiyo, nafaka ya watu wengine inaingia?"

"Haiingii. Tumetoa Jumatatu yote. Jumatatu ni ya hii tu."

"Na hiyo Jumatatu, kabla muanze, mnasafisha tena?"

"Mara mbili," mume wangu akasema.

Msichana akatabasamu, akaandika. Hakuuliza tunasafisha kwa kitu gani. Simlaumu. Kwake yeye kusafisha ni brashi na pampu ya upepo, na vyote alikuwa ameviona vimening'inia ukutani. Sisi nasi hatukusema, kwa sababu hakuna msagaji anayeeleza habari ya kuosha mashine, kama vile hakuna mpishi anayekutangazia kwamba amenawa. Tukapita. Dada aliposikia alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiondoa sikioni.

Jumatatu zile zilitugharimu majirani. Wanawake walikuja na beseni zao kama kawaida, na mimi nikawa natumwa mlangoni kuwarudisha, kwa sababu mume wangu hana uso wa kumkatalia mtu. Mama mmoja wa kutoka Magharibi, ambaye tumeimba naye kwaya moja, alinitazama toka utosini mpaka kwenye malapa.

"Kwani mahindi yetu ni chafu?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, kwa hesabu za watoa cheti mahindi yenu ni machafu, na yangu pia. Nikamwambia tu arudi kesho. Vijana wa boda wanaokaa kando ya mlango wakapata la kusema kuhusu sisi na matajiri wetu. "Mathe siku hizi anasagia masonko tu. Sisi tukule mawe." Wakacheka, nami nikawafokea, wakacheka zaidi. Baadhi ya wale wanawake walihamia kisiagi cha huko chini na hawakurudi hata siku nyingine za wiki. Niliwaona wakipita mlangoni petu na beseni kichwani, wakitazama mbele.

Mume wangu, yeye, alizipenda Jumatatu. Alitangulia kazini mapema kuliko siku zote, peke yake. Alifungua mashine yote, akafuta nyundo mojamoja kwa kitambaa, akapuliza, akafunga. Nilipofika na thamosi ya chai nilimkuta tayari anasaga, na mtama wa kwetu unashuka kwenye gunia jipya, mwekundu kidogo. Aliuinamia akaunusa.

"Hii ni ya mama mkwe," aliniambia, kana kwamba mimi ni mgeni wa jambo hilo.

Kwetu mwanamume hafanyi mchezo na kitu cha mama mkwe. Hakai naye sebule moja akiweza kuepuka, hamtazami usoni, wala hamwiti kwa jina. Mume wangu alikuwa hajawahi kuzungumza na mama yangu zaidi ya salamu, na salamu yenyewe aliitoa akitazama ardhi. Nadhani mtama ule ndio ulikuwa mazungumzo yao. Mama aliupeta mara nyingi kuliko ilivyohitajika akijua unaenda kwa mkwewe, naye mkwewe hakuacha hata kiganja kimoja kimwagike.

Kisha sampuli ya unga ikachukuliwa Kibera kwenda kupimwa, kwenye pakiti zilizokwisha fungwa. Dada alinipigia simu nikiwa 56 nachagua nyanya, na mwanzoni sikuelewa kitu, kwa sababu alikuwa akilia na wauza mitumba walikuwa wakiita wateja kando yangu. Unga wetu ulikutwa na dawa. Ni ile dawa nyeupe ya vumbi ambayo watu huchanganya na mahindi ghalani ili yasiliwe na wadudu. Kidogo sana, alisema, lakini imo. Cheti kimesimamishwa mpaka ijulikane imetoka wapi, na duka limerudisha mzigo.

Dawa ya ghala hutoka ghalani, kwa hiyo macho yote yalimwelekea mama. Mzigo ule ulikuwa umetoka kwake. Wakulima wenzake walikutana kanisani, kisha wakaenda nyumbani kwake wamwambie afungue ghala, watu ambao amekula nao na kuzika nao. Akafungua. Wakachota mtama, wakaunusa, wakaona majivu. Mmoja akasema labda amekwisha kuusafisha. Mama alinipigia kwa simu ya jirani, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwanangu, wanasema mimi ni mwongo."

Nilikasirika. Nilitaka kupanda basi la asubuhi niende nikawatukane nyumba kwa nyumba. Mume wangu akanizuia, akasema ukweli utajulikana tu, ningoje. Lakini ugali aliusukuma pembeni siku ile na siku iliyofuata. Mara kwa mara aliuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ni nani huyo aliyethubutu kusema mama mkwe ameweka dawa.

Nikaenda Kibera kumwona dada. Chumba chao cha kupakia kilikuwa kimefagiwa, mizani imefunikwa kwa leso. Hapakuwa na mwingine ila yeye. Wenzake walikuwa wamegombana, mmoja akimshuku mwenzake kwamba alinunua mtama wa bei rahisi akaongezea, na huyo aliyeshukiwa akaondoka na kigoda chake. Dada alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Nyufa zilikuwa zimeziba karibu zote. Aliniuliza polepole, akichagua maneno.

"Na huko kwenu? Hakuna kitu iliingia?"

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia Nairobi hii nzima hatapata msagaji msafi kama shemeji yake, mtu anayefuta nyundo kwa kitambaa kama anaosha mtoto, mtu asiyegusa nafaka ya mwenzake, mtu ambaye anaosha mashine kwa mahindi yake mwenyewe. Nilisema hilo la mwisho kwa sauti kubwa, kwa fahari, na kidole nimekiinua.

"Mahindi gani?" dada akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikauona ule mkebe akilini. Nikaona lile vumbi jeupe linalobaki vidoleni ukichota mahindi ya sokoni, lile tunalojipangusia kwenye nguo bila hata kutazama. Kidole changu kilikuwa bado juu. Dada aliona uso wangu, akageuka akatazama mizani yake.

Nilirudi Kawangware kwa miguu kwa sababu sikutaka kufika. Nilimkuta mume wangu akimsagia mtu. Nikangoja mteja alipe, aondoke. Nikateremsha mkebe, nikatia mkono ndani, nikautoa, nikamwonyesha vidole.

"Baba watoto. Jumatatu unaosha na hii?"

"Naosha na hiyo. Mara mbili," akasema, na bado palikuwa na kujivuna kidogo kwenye sauti. Kisha akatazama vidole vyangu.

Nimemwona akizika wazazi wake wote wawili, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alikaa juu ya gunia. Mashine ilikuwa bado inazunguka tupu, naye hakuizima, na hicho pekee kingetosha kuniambia nimnyamazie. Sikumnyamazia. Nilimwambia uungwana wake umetuua. Nilimwambia mamangu ameitwa mwongo kanisani kwa sababu ya mkebe huu, na afadhali angekuwa mwizi kama wale wengine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Ndipo akasema.

"Pigia mama mkwe simu. Mwambie ni mimi."

Mkaguzi aliporudi, mume wangu alimwambia mwenyewe kabla hajaulizwa, akamwonyesha mkebe na namna anavyochota. Msichana yule aliinamisha kichwa. Nilimwona anaumia, ila maumivu yake hayakuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu yake.

"Mzee, ungeosha na mtama wenyewe. Ile ya kwanza kutoka, unatupa."

"Nitupe mtama ya mama mkwe?"

"Ndio, mzee. Ndio inatakikana."

"Hivyo ndio wale wa huko chini wanafanya," mume wangu akasema.

Msichana hakuelewa wale wa huko chini ni akina nani. Mimi nilielewa, na nilitamani kulia. Yule mwizi wa huko chini, anayewapunja wanawake wa Kongo kila siku ya Mungu, angefaulu mtihani ule bila kujifunza chochote kipya.

Mashine yetu iliondolewa kwenye orodha ya cheti. Kikundi kiliambiwa kianze upya na kisubiri kukaguliwa, na kabla ya hapo duka lilikuwa limepata unga wa watu wengine wenye alama ileile. Mtama uliobaki mama aliwauzia madalali kwa bei ya mtama wowote. Wale waliofungua ghala lake walienda kumwomba msamaha. Aliniambia amewasamehe, lakini hatamfungulia mtu mlango ule tena. Kuhusu mkwewe hakusema neno baya. Alisema tu, "Mwambie ale." Nilipompa ujumbe huo, mume wangu alitoka nje akakaa na vijana wa boda mpaka giza likaingia.

Dada aliacha kile chumba. Leso alinipa mimi, mizani aliiuza.

Alikuja kwetu Jumatatu moja, sasa Jumatatu ikiwa siku ya kila mtu, hata kama wengi hawakurudi. Alikuwa na beseni la mahindi aliyoyanunua 56 akipita, ya kusaga ugali wa watoto wake. Angeweza kusaga Kibera. Nadhani alikuja kwa kuwa hakutaka tuwe watu wasiotembeleana. Alipoliweka beseni kwenye kaunta niliona mikono. Imepasuka tena, mibaya kuliko kwanza, na kwenye kidole gumba alikuwa amefunga kipande cha kitambaa.

Aliyetangulia alikuwa amesaga wimbi, na mashine ilikuwa nyeusi ndani. Mume wangu aliinua mkono kuelekea mkebe bila kufikiri, kama alivyofanya maisha yake yote. Vidole vikaingia. Kisha akatazama ile mikono ya shemeji yake iliyoshika ukingo wa beseni. Akautoa mkono mtupu. Akamimina mahindi ya dada moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine, nao unga ukaanza kushuka kijivu, na madoa ya wimbi la mtu mwingine ndani yake.

Nilitamani aoshe. Sikuwahi kutamani kitu kidogo namna ile kwa nguvu namna ile. Dada aliuona unga, akauchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akafunika beseni.

"Asante, shemeji," akasema, akajitwika akaenda.

Tangu siku hiyo mume wangu hajaosha mashine kwa ajili ya mtu yeyote, na wateja waliobaki hawajui kwa nini unga wetu umebadilika rangi. Mkebe uko palepale kwenye rafu. Juzi niliufungua kuona kama mahindi yamebunguliwa, nikayakuta mazima, kwa sababu ya ile dawa.